Kiyoyozi cha chumba cha mama

Mwaka jana, baada ya familia kukubaliana kwamba mama asirudi tena Lushoto kuishi peke yake, tuliongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu hapa Dar es Salaam. Ni chumba cha mita 4 kwa 4.5, chenye choo na bafu lake, kuta za tofali la inchi 6, na paa la bati la msauzi lililounganishwa na paa la nyumba ya zamani. Mama amezidi miaka sabini, ana shinikizo la damu, na maisha yake yote ameyaishi milimani, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, mahali ambapo mwezi wa saba mtu hulala na mablanketi mawili. Kumleta Dar es Salaam, ambako kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 na usiku halishuki sana chini ya 25, kulihitaji zaidi ya kumjengea kuta na kumwekea kitanda. Alihitaji mahali pa kulala usingizi kamili.

Ujenzi ulichukua miezi minne. Kuchagua kiyoyozi kulinichukua wiki sita nyingine, na ndugu zangu kadhaa waliona kwamba ninachelewesha jambo dogo. Naandika haya kwa sababu siamini kwamba ni jambo dogo, na kwa sababu watu wengi ninaowafahamu wanaoongeza chumba huingia dukani mwisho wa ujenzi, pesa zikiwa zimekwisha, wakanunua mashine kwa kukisia, halafu wakaishi na kisio hilo kwa miaka kumi.

Mimi mwenyewe nimeishi nalo. Chumba chetu cha kulala, kilichokuwapo tangu mwanzo, kina ukubwa wa mita za mraba 12 tu, lakini miaka sita iliyopita fundi alitushauri tuweke kiyoyozi cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza, nitakieleza mbele) kwa hoja kwamba Dar es Salaam ni joto na mashine kubwa haichoki. Tukakubali. Chumba hupoa ndani ya dakika tano, mashine inazima, baada ya muda mfupi inawaka tena, inazima tena, na hali hiyo huendelea usiku kucha. Ubaridi upo, lakini shuka huwa na unyevunyevu, na nguo zilizotundikwa kabatini hunuka ukungu. Kwa muda mrefu nililaumu ukuta, nikapaka rangi upya mara mbili. Ni mwaka jana tu, niliponunua Kariakoo kifaa kidogo cha kupimia joto na unyevu na kukiweka juu ya meza ya kitanda, ndipo nilipoona kinachotokea: nyuzi 23 za joto, na unyevu wa asilimia 72.

Kipimo hicho ndicho kilichobadilisha namna ninavyolitazama jambo lote. Kiyoyozi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni kupunguza joto la hewa, na hii huanza kuonekana mara tu mashine inapowaka. Kazi ya pili ni kuikausha hewa, kwa kuipitisha kwenye mapezi ya baridi ambako mvuke hugeuka kuwa maji na kutiririka nje kwa bomba, na hii huhitaji muda, kwa sababu mapezi lazima yapoe vya kutosha na hewa ya chumba kizima ipite hapo mara nyingi. Mashine kubwa kupita chumba humaliza kazi ya kwanza haraka mno, ikapumzika kabla ya kuigusa ya pili. Kwa mtu wa Dodoma, ambako hewa ni kavu, kasoro hiyo haina uzito mkubwa. Kwa mtu wa pwani, kazi ya pili ndiyo nusu ya sababu ya kununua mashine yenyewe, maana kinachotuchosha huku ni jasho lisilokauka mwilini. Hata historia ya mashine hii inaonyesha hivyo: mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier aliposanifu mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, alikuwa ameitwa kutatua tatizo la unyevu uliokuwa ukitanua na kusinyaza karatasi, rangi zikawa hazikai mahali pake.

Kwa hiyo nilipoanza kufikiria chumba cha mama, swali langu halikuwa tena mashine gani ina nguvu zaidi. Nilitaka kujua chumba hiki kinaingiza joto kiasi gani, kinaliingizia wapi, na ni kiasi gani kati ya hilo ninaweza kulizuia kabla ya kulipia umeme wa kuliondoa.

Tulianza na paa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, karibu katikati ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi, jua la saa sita mchana hupita juu ya utosi. Ukuta hupata jua kwa saa chache, paa hulipata siku nzima. Kabla dari halijafungwa niliweka kile kipimo juu ya ndoo katikati ya chumba, na saa tisa alasiri kikasoma nyuzi 37. Tulimwomba fundi wa dari asimamishe kazi kwa siku mbili. Tukatandaza karatasi ya foili chini ya bati, juu ya kenchi, upande unaong'aa ukitazama chini na nafasi ya hewa ikiachwa, kisha juu ya dari la jipsam tukalaza sufi ya kioo, yaani pamba ya nyuzi za kioo ya kuzuia joto, yenye unene wa milimita 50, na kwenye kuta mbili za pembeni tukaacha matundu ya hewa yenye wavu ili joto linalokusanyika kati ya bati na dari lipate pa kutokea. Kazi yote hiyo iligharimu chini ya theluthi moja ya bei ya kiyoyozi tulichonunua baadaye. Wiki iliyofuata, katika siku yenye jua kama la awali, kipimo kilisoma nyuzi 32 saa ileile.

Nyuzi 5 hizo sitazilipia tena.

Ukuta wa magharibi ulikuwa mgumu zaidi. Tulirefusha upenu, na nakiri kwamba haukusaidia kwa kiwango nilichotarajia, kwa kuwa jua la jioni huingia likiwa limelala na kupita chini ya upenu wowote ambao fundi anaweza kuujenga. Kilichosaidia ni kupunguza dirisha la upande huo tangu lilipokuwa kwenye mchoro, kupaka ukuta rangi nyeupe, na kusimamisha mita moja kutoka ukutani fremu ya mabomba ambayo mke wangu ameipandia mmea wa kutambaa. Mmea haujafunika bado. Dirisha kubwa tuliliweka kusini na jingine mashariki, yote ya alumini ya kusukuma yenye nyavu, kwa kuwa madirisha ya vioo vya kulala, ambayo binafsi nayapenda kwa upepo wake, hayazibi hata yakifungwa.

Kuhusu kuziba kuna jambo ningependa kulieleza kwa kirefu, kwa sababu sijawahi kumsikia muuzaji yeyote akiliuliza. Hewa ya nje ya pwani inapoingia chumbani kupitia upenyo mdogo, huja na joto lake na maji yake, na mashine hulazimika kuiondolea vyote viwili upya, usiku kucha. Nilitaka kujua chumba kinavuja wapi. Mke wangu alichukua chetezo, akaweka kaa na kipande cha udi, tukafunga milango na madirisha yote, kisha akakizungusha taratibu kwenye kingo za chumba huku mimi nikimulika moshi kwa tochi ya simu. Kwenye madirisha moshi ulipanda wima bila kutikisika. Chini ya mlango wa korido ulilala ghafla na kuvutwa ndani. Mahali pa kushangaza palikuwa juu: kwenye tundu la waya wa taa, katikati ya dari, moshi uliingia wote kama unaofyonzwa, na kwenye pembe ya magharibi, ambapo jipsam inakutana na ukuta, ulipotea kwenye ufa ambao kwa macho hauonekani. Tuliziba ufa kwa plasta ya jipsam, tundu la waya kwa silikoni, na mlango tukaufungia ulimi wa mpira chini. Kazi ya asubuhi moja.

Hapo ndipo nilipokaa kufanya hesabu ya ukubwa. BTU ni kipimo cha joto, na namba inayoandikwa kwenye mashine inaeleza ni kiasi gani cha joto inaweza kukitoa chumbani kwa saa moja. Mafundi husema pia tani: tani moja ni BTU 12,000, na asili yake ni zama za barafu, maana ndilo joto linalohitajika kuyeyusha tani moja ya barafu ya Kimarekani, takriban kilo 907, kwa muda wa saa 24. Nilipoliona hilo nilielewa kwamba hata mashine inayoitwa ndogo si ndogo. Kwa hesabu ya kawaida ya ukanda wetu, mafundi makini huanza na BTU 600 kwa kila mita ya mraba, kisha huongeza au kupunguza kulingana na paa, jua la jioni, urefu wa dari na idadi ya watu, kwa kuwa mtu mmoja aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100. Chumba cha mama ni mita za mraba 18. Mara 600, ni BTU 10,800. Dari ni la kawaida, paa limezibwa, anayelala ni mtu mmoja, mara nyingine na mjukuu. Mashine zinazopatikana madukani ni za 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Jibu lilikuwa 12,000.

Fundi wa kwanza aliyekuja alisimama mlangoni, akaangalia dari, akasema 18,000. Hakupima chochote. Nilipomwonyesha hesabu yangu alinijibu, kwa heshima, "Bosi, ndogo itateseka." Neno hilo nimelisikia mara nyingi, na naelewa linakotoka: fundi akiweka mashine ndogo chumba kisipopoa, atalaumiwa yeye, lakini akiweka kubwa, lawama za unyevu na za bili hazitamfikia. Ni hofu halali, ila gharama yake hubebwa na mwenye nyumba.

Kabla ya kufika kwenye mashine yenyewe tulikuwa tumekataa mapendekezo kadhaa. Shemeji yangu alishauri tutoboe ukuta wa sebule na kuweka feni ya kusukuma baridi kutoka kwenye kiyoyozi kitakachowekwa huko, lakini sebule ina watoto, televisheni na mlango usiotulia, na mama angelala kwa kutegemea mashine iliyo mikononi mwa wengine. Kuna pia zile feni za maji zinazouzwa kwa bei nafuu na kuitwa viyoyozi. Hizo hupoza kwa kuyeyusha maji hewani, na hufanya kazi nzuri mahali pakavu. Hapa pwani hewa tayari imejaa maji, hivyo haiyeyushi mengi zaidi, na yale machache inayoyayeyusha huongeza unyevu uleule tunaoukimbia. Nimemwona mama mmoja mtaani kwetu akiinunua kwa akiba ya miezi kadhaa, na iliniuma, kwa kuwa muuzaji alijua anaiuza wapi. Kiyoyozi cha dirishani kina kelele za kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kupozea, mle mle chumbani, na kile cha magurudumu huhitaji bomba nene la kutolea joto dirishani, ambalo huacha upenyo na kuvuta hewa ya nje kuingia. Pendekezo lililonifanya nifikiri ni la mashine moja ya nje inayohudumia mashine mbili za ndani, moja ya mama na moja ya chumba chetu. Ukutani panabaki nadhifu, nafasi inaokolewa. Lakini kompresa hiyo moja ikiharibika, vyumba vyote viwili hukosa ubaridi kwa pamoja, na vipuri vyake si vya kupatikana kila duka. Kwa mwenye kuongeza chumba kimoja, nadhani mashine yenye jozi yake ndiyo salama.

Suala la inveta lilitaka hesabu ya peke yake. Mashine ya kawaida ina hali mbili tu, kuwaka kwa nguvu zote au kuzima. Inveta hubadilisha kasi ya kompresa, ikaanza kwa nguvu na baadaye ikashuka na kuendelea polepole kwa saa nyingi, na kwa hiyo inatufaa mara mbili: inapunguza umeme, na inaendelea kukausha hewa hata baada ya joto kufika kiwango kilichowekwa. Katika duka nililonunua, tofauti ya bei kati ya aina hizo mbili kwa BTU 12,000 ilikuwa shilingi 280,000. Nilitaka kujua zitarudi lini. Jirani yangu, mwenye chumba kinachokaribiana na chetu na mashine ya kawaida ya ukubwa huo, alinikubalia tusome mita yake ya LUKU usiku mmoja akiwa amewasha na usiku mwingine akiwa amezima, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tofauti ilikuwa uniti 5.5. Baada ya kufunga ya kwetu nilifanya vivyo hivyo mwezi wa pili, wakati wa joto kali: usiku usio na kiyoyozi nyumba nzima ilitumia uniti 1.9, usiku wenye kiyoyozi 5.6. Kwa hiyo chumba cha mama hutumia uniti 3.7 kwa usiku, na kwa bei tuliyokuwa tukilipa, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ni kama shilingi 1,320. Tofauti na ya jirani ni uniti 1.8, yaani karibu shilingi 640 kila usiku. Shilingi 280,000 zitarudi baada ya usiku 440 hivi, nami nategemea mashine ifanye kazi miezi minane kwa mwaka. Ni chini ya miaka miwili.

Kwa wale walio katika kundi la watumiaji wadogo wa Tanesco, wanaolipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa kila uniti kati ya 75 za kwanza za mwezi, hesabu hii ina mwiba. Kiyoyozi kimoja kinachotumika kila usiku kitatumia uniti zaidi ya 100 kwa mwezi peke yake. Mtumiaji huyo atatoka kwenye kundi hilo, na friji, taa na pasi zitaanza kulipiwa bei ya juu pamoja na kiyoyozi. Sisi tulishatoka zamani, lakini ningekuwa bado nimo, ningeweka kwanza pangaboi nzuri na kuishi nayo msimu mmoja kabla ya kuamua. Pangaboi tumeiweka hata hivyo. Mama huipenda saa za mchana, na usiku ikizunguka kwa kasi ndogo tunaweza kuweka rimoti kwenye nyuzi 26 badala ya 24 bila yeye kuona tofauti.

Aina ya gesi inayozunguka ndani ya mashine na kubeba joto niliiuliza kila duka, na nilishangaa jinsi wauzaji wachache walivyojua jibu bila kusoma kibandiko. Gesi ya zamani, R22, huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Ratiba ya nchi zinazoendelea inataka matumizi yake yawe yameondolewa karibu yote ifikapo 2030, hivyo anayenunua leo mashine ya mtumba yenye R22 kwa sababu ni rahisi ananunua kitu ambacho kukijaza gesi kutazidi kuwa kugumu. Kati ya gesi zilizofuata, R410A haiharibu ozoni, lakini uwezo wake wa kuongeza joto duniani ni mara 2,088 ya hewa ya ukaa, ilhali R32 ni mara 675. Marekebisho ya mkataba huo yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016 yanalenga kupunguza gesi za aina hiyo zote, na kati ya hizo mbili nilichagua R32. Inaweza kushika moto kwa kiasi kidogo, jambo linalodai fundi asiyevuta sigara akiwa kazini na asiyechomelea bomba lenye gesi ndani. Mashine ya nje niliitaka yenye mapezi yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, kwa kuwa chumvi ya upepo wa bahari hufika mbali kuliko watu wanavyodhani.

Kufunga ni nusu ya kuchagua, na hapa ndipo nilipobadilisha fundi. Yule wa kwanza alitaka kuchukua umeme kutoka kwenye soketi ya chumba kinachopakana nacho, kwa waya uliokwisha kubeba pasi na jokofu dogo. Baada ya kuunganisha mabomba kwenye kazi nyingine niliyokwenda kuitazama, alifungua valvu kidogo ili gesi yenyewe isukume hewa nje, akafunga nati, akasema tayari. Hewa na unyevu unaobaki kwenye bomba la shaba kwa njia hiyo huila kompresa polepole, na mwenye nyumba huja kujua baada ya mwaka au miwili, wakati hakuna tena anayekumbuka siku ya kufunga. Fundi wa pili alikuja na pampu. Aliifunga kwenye mashine ya nje, akaiacha ivute kwa dakika 30, akaizima, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiitazama geji kwa robo saa bila kusema neno. Mshale haukusogea. Ndipo alipofungua gesi. Umeme wetu aliuvuta moja kwa moja kutoka kwenye boksi kuu kwa waya wa milimita za mraba 2.5 wenye swichi yake ya usalama na waya wa ardhini, na kwa kuwa tulipima saa mbili usiku tukakuta volti 196 badala ya 230, akaongeza kifaa cha kulinda mashine, kinachoikata umeme unapokuwa hafifu au mkali mno na kusubiri dakika chache kabla ya kuirudisha.

Mashine ya ndani tuliiweka juu ya ukuta mrefu, ubavuni mwa kitanda, ili upepo uvuke chumba bila kumpiga mama usoni. Mama aliogopa hilo kuliko yote. Usiku wa kwanza alijifunga kanga kichwani na kuniambia, "Mwanangu, baridi ya mashine huingia kwenye mifupa." Asubuhi nilikuta rimoti ikiwa chini ya mto wake, mashine imezimwa, na madirisha yote wazi. Sikubishana naye. Tulipandisha kutoka nyuzi 24 hadi 26, tukaelekeza mapezi ya upepo juu kuelekea dari, na usiku wa tatu alilala hadi adhana ya alfajiri. Kipimo kwenye kabati lake kilisoma nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 55. Ni joto zaidi kuliko chumbani kwetu kwa nyuzi 3, na aliyeingia kutoka chumba kimoja hadi kingine angeapa kwamba cha mama ndicho chenye hewa nzuri. Madirisha bado anayafungua kila asubuhi, na ana haki, kwa sababu mashine ya namna hii huzungusha hewa ileile ya chumbani bila kuingiza mpya.

Maji yanayotoka kwenye bomba la nyuma huingia kwenye ndoo ya lita 10, na katika miezi ya joto asubuhi huwa zimebaki sentimita chache tu kujaa. Ni maji yaliyokuwa hewani, yale ambayo katika chumba chetu hubaki kwenye shuka. Mama huyamwagia mchicha alioupanda kando ya uzio.

Sasa tunashughulikia kosa la zamani. Sebule yetu ina mita za mraba 30, na 30 mara 600 ni 18,000. Fundi wa pampu atakuja baada ya masika, atairudisha gesi yote kwenye mashine ya nje kabla ya kufungua mabomba, aihamishie mashine ile sebuleni, na chumbani kwetu ataweka inveta ya BTU 9,000. Dari tutalifungua wiki moja kabla yake, tutandaze sufi ya kioo, na chetezo kiko tayari.